Kasri Lililofika Busia kwa Bahasha

Mwezi Mei mwaka 1935, posta za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kuuza stempu nne za kuadhimisha miaka 25 ya Mfalme George V kukalia kiti cha enzi. Ya bei ya chini ilikuwa senti 20, zikafuata za senti 30 na senti 65, na ya juu ilikuwa shilingi moja. Rangi zilitofautiana lakini picha ilikuwa moja: sura ya mfalme, na Kasri la Windsor pamoja na minara yake na mlingoti wa bendera. Picha hiyohiyo, kwa kubadilisha jina la nchi na bei tu, ilichapwa kwa makoloni zaidi ya 40, tangu visiwa vya Karibi hadi vile vya Pasifiki. Sehemu kubwa ya eneo ambalo leo ni Kaunti ya Busia ilikuwa wakati huo ndani ya wilaya iliyoitwa North Kavirondo, makao yake Kakamega. Padri, karani au mwenye duka wa huku aliyenunua stempu hizo aliilamba gundi iliyokuwa mgongoni mwa Windsor, akabandika, akatumbukiza barua sandukuni. Ndivyo kasri la Waingereza lilivyofika Busia na Malaba bila jiwe hata moja kuvuka bahari. Wapo watakaosema hiyo ilikuwa karatasi tu. Ndiyo, ilikuwa karatasi, lakini dola iliyoitawala karibu robo ya dunia ilipotaka kujisifu mbele ya watu wake wote kwa siku moja, haikutuma mizinga. Ilituma ngome iliyochorwa, ndogo kuliko kiberiti.

Wakusanyaji wa stempu wana kisa wanachokipenda kuhusu toleo hilo. Katika baadhi ya mabamba ya kuchapia yaliyotumika kwa makoloni hayo, mikwaruzo midogo iliingia kwenye chuma, na kila mkwaruzo ukatoka kwenye karatasi kama mstari au nukta. Mmoja ulisimama karibu na mnara ukafanana na mlingoti wa pili wa bendera. Mwingine ulionekana kama chuma cha kuzuia radi. Ziko nukta zilizoangukia kando ya kanisa la kasri. Kwa mtu wa kawaida hayo ni makosa ya kiwanda. Kwa mkusanyaji ni hazina: stempu yenye mlingoti wa ziada huuzwa kwa bei inayoiacha mbali sana ile isiyo na dosari, na wapo watu wazima wenye akili zao timamu wanaoinama juu ya Windsor na kioo cha kukuzia mkononi, wakihesabu milingoti. Siwacheki. Ninachoona ni kwamba stempu inaweza kulifanya jengo litazamwe kwa makini kiasi hicho, na watu wasiokanyaga hapo maisha yao yote. Sasa tujiulize ni nani amewahi kuinama namna hiyo juu ya ngome za mpaka huu wetu wa Kenya na Uganda.

Maana ngome zilikuwepo, na hazikuwa chache. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hii mwishoni mwa mwaka 1883 akielekea Ziwa Victoria, aliandika habari za vijiji vilivyozungushiwa kuta. Wabukusu huziita ngome hizo chingoba, na moja ni lukoba. Ujenzi wake haukuwa na siri. Handaki lilichimbwa kuzunguka makazi, udongo uliotoka ukapandishwa upande wa ndani kuwa ukuta, miiba ikaongezwa, na mlango ukaachwa mwembamba kiasi cha kupita ng'ombe mmoja mmoja. Jioni mifugo ikishaingia, magogo mazito yalipitishwa langoni. Adui aliyetaka kuingia ilimbidi ashuke handakini kwanza, na hapo alikuwa chini ya miguu ya wenyeji. Mapokeo ya Wabukusu yanataja makazi ya kale ya Ebwayi, upande wa Tororo, na Mwalie, kwenye vilima vya mawe karibu na Malaba, na mojawapo ya mafungu makubwa ya koo zao linaitwa Bamalaba hadi leo. Watu wa kando ya mto Malaba walipigana, wakahama, wakarudi, wakaoana, wakaibiana ng'ombe, na kuta za udongo ndizo zilizowapa nafasi ya kulala. Anayedhani mpaka ulianza na geti la forodha hajui kwamba huku kila kijiji kiliwahi kuwa na mpaka wake na geti lake.

Mwaka 1895 ndio unaonivutia kuliko yote. Mwaka huo ofisa wa Kiingereza Charles Hobley alishika kituo cha utawala cha Mumias, ambacho kilikuwa chini ya serikali ya Uganda. Wanubi, yaani wanajeshi wa Kisudani waliokuwa wakitumikia serikali hiyo, baadhi yao walitoroka na bunduki zao, zikaishia mikononi mwa Wabukusu. Askari waliotumwa kuzidai waliuawa. Jibu likawa jeshi: Wanubi wengine, Waganda na Wawanga, wakaishambulia kwanza ngome ya Lumboka, karibu na mahali palipo mji wa Bungoma leo, kisha ile ya Chetambe juu ya kilima cha Webuye, iliyopewa jina la kiongozi wa Watachoni aliyeijenga, Chetambe Ifile. Ukuta wa udongo uliojengwa kuzuia mkuki haukujengwa kuzuia risasi. Watu wengi walikufa, na nchi yote kutoka Webuye hadi mto Malaba ikaelewa kwamba zama za lukoba zimekwisha.

Na mwaka huohuo, Kampala, mmishonari Ernest Millar alikuwa amekaa mbele ya mashine yake ya taipu akitengeneza stempu za kwanza za Uganda. Hazikuwa na picha ya mfalme wala kasri. Zilikuwa na herufi za taipu na namba tu, na bei yake ilihesabiwa kwa kauri, zile simbi za baharini zilizotumika kama fedha. Leo ni miongoni mwa stempu za Afrika zinazotafutwa sana duniani, na makasha ya vioo ya wakusanyaji matajiri yanajivunia kuwa nazo. Yaweke matukio haya mawili bega kwa bega: serikali moja, mwaka mmoja, inabomoa ngome upande wa mashariki na kupiga taipu stempu upande wa magharibi. Stempu ikabaki, ngome ikaporomoka. Karatasi nyembamba inayoweza kuliwa na mchwa kwa usiku mmoja imeishi kuliko ukuta uliochimbwa na mamia ya mikono. Sababu haiko kwenye uimara wa vitu vyenyewe, iko kwa waliovitunza.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Ngome ya mawe haihitaji stempu. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, itasimama kesho hata posta zote zikifungwa leo; ina makumbusho, ina watalii, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ngome ya udongo ndiyo inayohitaji stempu, kwa sababu mvua haina huruma nayo. Ukuta unarudi kuwa shamba, handaki linajaa, mahindi yanapandwa, na baada ya vizazi viwili mzee mmoja tu ndiye anayejua kwa nini ardhi imebonyea pale. Kilichobaki ni jina na hadithi, na hivyo viwili havipigiki picha na mtalii. Vinachoreka, lakini. Nazitaka posta za nchi hizi mbili, Posta Kenya na Posta Uganda, zitoe toleo la ukumbusho la ngome za mpaka wa magharibi, na zilitoe pamoja.

Pingamizi la kwanza nalijua, kwa kuwa ndilo jepesi: nani anaandika barua siku hizi? Pesa zinatumwa kwa simu tangu 2007, salamu zinakwenda kwa WhatsApp, na sanduku la posta limebaki kuwa la benki na mahakama. Sawa. Lakini turudi 1935. Wangapi kati ya wakazi wa kando ya mto Sio waliandika barua mwaka ule? Wachache mno. Laiti thamani ya stempu ingepimwa kwa wingi wa barua, London isingejisumbua kulituma Windsor kwenye vituo ambako wengi hawakuwa wamefundishwa kusoma. Stempu haikuwa kamwe risiti ya kusafirishia karatasi peke yake. Ni mojawapo ya hati chache ambazo dola huzichapa kwa jina lake na kuziachia zizunguke dunia, kama noti na pasipoti, na tofauti yake ni kwamba yenyewe mtu anaruhusiwa kuibandua na kuitunza kwenye albamu. Kupungua kwa barua kumeitoa stempu kwenye vumbi la kazi za kila siku na kuiacha na kazi moja ya ukumbusho. Ni sababu ya kuchagua picha kwa uangalifu zaidi, si sababu ya kuacha.

La pili ni zito kidogo. Husemwa kwamba ngome ni kumbukumbu ya kushindwa, na kwamba taifa halipaswi kubandika kidonda chake kwenye bahasha. Wanaosema hivi wangetazama wanavyofanya wenzetu. Mwaka 1955 Uingereza ilitoa stempu za bei ya juu zenye makasri manne: Carrickfergus la Ireland ya Kaskazini, Caernarfon la Wales, Edinburgh la Uskoti na Windsor la Uingereza yenyewe. Caernarfon lilijengwa na Mfalme Edward I baada ya kuwashinda watu wa Wales mwishoni mwa karne ya 13, lengo likiwa kuwakalia kooni. Karibu miaka 700 baadaye jengo hilo la utekaji likawa picha ya Wales kwenye stempu. (Angalia pia bei zilivyopangwa: Ireland ya Kaskazini ikapewa shilingi mbili na nusu, Wales tano, Uskoti kumi, na Windsor likajichukulia pauni nzima. Hata kwenye karatasi, mwenye nyumba alikaa kiti cha mbele.) Waomani nao, katika stempu zao za mwaka 1966, waliweka ngome za Nakhal, Nizwa, Sohar na Mirani. Mirani ya Maskati ilikuwa ya Wareno kabla ya kuwa yao, na Waomani haohao ndio waliowatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Fort Jesus yenyewe ikaja kuwa gereza la Waingereza hadi 1958. Ngome haiulizi nani aliijenga na nani alilia ndani yake. Inabeba yote, na mchoraji mzuri anajua hivyo.

Isitoshe, watu wa huku hawakungoja ruhusa ya kukumbuka. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka maelfu ya wafuasi wake Chetambe kuwaombea waliokufa mwaka 1895. Nusu karne ilikuwa imepita, kuta zilikwisha kuanguka, na bado mahali pale palikuwa na nguvu ya kuitisha umati. Serikali ya kikoloni iliuelewa ujumbe vizuri sana. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi, wakaua watu 11. Anayedai kwamba Chetambe ni lundo la udongo lisilo na maana kwa mtu yeyote amechelewa. Hoja hiyo ilipingwa na watu wenyewe, wengine kwa uhai wao.

Pingamizi la tatu ndilo linalonongonezwa badala ya kusemwa: ngome ya nani? Chetambe ni ya Watachoni, Lumboka ni ya Wabukusu. Wateso watauliza, Wasamia na Wakhayo watauliza, na waliokuwa upande wa washambuliaji, Wawanga na Waganda, nao wana lao. Katika kaunti ambako Wateso na Waluhya wamewahi kuvutana hata juu ya mgawo wa maeneo, hofu hii haipaswi kudharauliwa. Jawabu langu ni kwamba toleo la ukumbusho si stempu moja. Ni seti, na seti hupangwa. Stempu moja ionyeshe Lumboka, nyingine Chetambe, nyingine kijiji cha kuta za udongo kama Thomson alivyokikuta, bila kukibandika jina la kabila. Upande wa Uganda uchague wa kwake: Budaka, ambako jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu alijenga ngome alipokuwa akijitanua kuelekea Mbale, au ngome ya Luba huko Busoga, ambako Wanubi wenyewe waliwageuka mabwana zao mwaka 1897. Ikitakiwa ya tano, iko Thimlich Ohinga ya Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikanisha, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hiyo haiko mpakani mwa Busia, lakini inathibitisha kwa ulimwengu kwamba kanda ya ziwa ilijua kujenga ngome kabla ya mzungu wa kwanza kuomba maji ya kunywa. Seti ya namna hiyo haitamnyima mtu kitu. Itaonyesha kwamba majirani waliogombana walikuwa na akili moja ya ujenzi.

Kuhusu kuchora kisichoonekana, sioni kazi ngumu. Handaki huacha alama, wanaakiolojia wanajua kuisoma, na masimulizi ya wazee yanaeleza kimo cha ukuta na mahali pa lango. Stempu za Millar hazikuwa na picha hata moja na zinathaminiwa kuliko nyingi zenye rangi kumi.

Linabaki suala la kutoa stempu moja kwa nchi mbili, na hapa historia ya mpaka wenyewe inanisaidia. Hadi mwaka 1902 hapakuwa na mpaka Busia. Nchi yote hii, hadi kupita Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Hobley alichapisha London kitabu chake juu ya watu wa huku, akakiita kwa jina la Uganda ya Mashariki, na mwaka huohuo, tarehe 1 Aprili, jimbo hilo likahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Kwa hiyo Lumboka na Chetambe, ambazo leo ni historia ya Kenya, zilianguka zikiwa za Uganda. Mwaka mmoja baadaye, 1903, nchi hizo mbili zikaanza kutumia stempu za pamoja, ikaja Tanganyika, na hata baada ya uhuru stempu za ukumbusho ziliendelea kutolewa kwa jina la nchi zote tatu hadi 1976, chini ya shirika lililokuja kuwa na makao Kampala. Wivu wa nani atangulie ulitatuliwa kwa njia nyepesi: majina ya nchi yalikuwa yakibadilishana nafasi, mara Kenya mbele, mara Uganda, mara Tanzania. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Jumuiya imerudi, ila stempu haijarudi nayo.

Na kama kuna mahali panapostahili kuzinduliwa toleo hilo, ni hapa. Busia ndiko baiskeli zilizovusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine zilikoipa Afrika Mashariki neno bodaboda. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha forodha, ambako ofisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa ukumbi mmoja na dereva wa lori anasimama mara moja badala ya mbili. Malaba nako ni vivyo hivyo. Ikiwa dola mbili zimeweza kukubaliana juu ya petroli, saruji na ushuru, mambo ambayo fedha zake huzitoa roho za watu, zinashindwaje kukubaliana juu ya kipande cha karatasi chenye picha ya handaki? Wakuu wa posta zote mbili wanaombwa walitazame hilo. Muhuri wa kwanza ugongwe siku moja pande zote mbili za barabara, Busia 50400 na Busia ya ng'ambo. Hadi siku hiyo, barua inayotoka Busia kwenda Busia, safari ambayo bodaboda huimaliza kabla chai haijapoa, inahesabika kuwa barua ya nchi za nje.